Jua Mmeliweka Upande Gani?

Siku hizi mtandaoni zinauzwa picha za ukutani kwa jina la "mandhari tulivu ya Kikorea": jua jekundu, mwezi mweupe, milima mitano, misonobari, mawimbi. Mpenzi wa tamthilia za kifalme za Kikorea anaijua picha hiyo. Ndiyo inayosimama nyuma ya mfalme kila anapofoka. Ni Irworobongdo, kiwambo kilichochorwa jua, mwezi na vilele vitano. Sasa baadhi ya wauzaji wameigeuza, jua liko kushoto.

Kwani kuna ubaya gani? Upo! Mfalme wa Joseon, ufalme wa Korea ya zamani, aliketi akitazama kusini, kwa hiyo mashariki, jua linakochomoza, kulikuwa mkono wake wa kushoto. Kwetu tunaomtazama, hapo ni kulia. Mchoro ulipangwa kumfuata aliyeketi, wala si anayetazama. Ukiugeuza, umelichomozesha jua magharibi.

Ndiyo maana hilo neno "mandhari" linakera. Hakuna mchoraji aliyepanda kilima akachora alichokiona. Vilele ni vitano, kirefu kuliko vyote kiko katikati, nyuma ya kichwa cha mfalme. Maporomoko ya maji mawili, moja kila upande. Misonobari pembeni, mashina mekundu. Wachoraji wa kasri walipochora sherehe, mfalme hawakumchora: walichora kiti kitupu na kiwambo hiki nyuma yake, na kila mtu alielewa kwamba yupo. Akisafiri, kiwambo kilimfuata. Akifa, kilisimamishwa kwenye ukumbi wa jeneza. Bila mtu mbele yake, hii ni kazi ambayo haijakamilika, na ninyi mmeitundika juu ya sofa eti ilete utulivu.

Milima yenyewe ni ipi? Wataalamu bado wanabishana, waacheni.

Rangi nazo! Nakala nyingi zina kijani cha peremende. Kijani cha asili ni jiwe la malakiti lililosagwa, buluu ni jiwe la azuriti, nyekundu ni jiwe la sinaba, zikachanganywa na gundi ya ngozi. Ukisaga sana rangi inapauka. Chembe kubwa ndizo zenye kina. Gundi ikizidi, rangi inapasuka na kubanduka. Ikipungua, unaifuta kwa kidole. Kwa hiyo hupakwa tabaka jembamba, likauke, ndipo lije jingine. Printa haiwezi kazi hiyo, sawa, na anayenunua cha bei nafuu simlaumu.

Najua mtaniletea noti ya Korea Kusini ya won 10,000 iliyotoka mwaka 2007. Ni kweli, wameuweka mchoro huu pamoja na Mfalme Sejong wa Joseon, aliyefariki 1450, ilhali viwambo vilivyobaki vilichorwa karne nyingi baadaye. Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba hata Wakorea wenyewe wanautumia kama pambo. Lakini angalau benki yao ilikumbuka kumweka mfalme.