SOMA ni bora pale inaponiacha nisome

Jina la gemu hii limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwili, lakini Mswahili hawezi kulisikia bila kusikia amri: soma. Nilipoianza mara ya kwanza niliona ni sadfa tu ya lugha mbili. Sasa nimeimaliza mara mbili, usiku kwa usiku, katika chumba changu cha Mji wa Kale hapa Mombasa, na naamini kwamba maana yetu ndiyo inayoieleza vizuri zaidi. Uzuri wake wote umo katika kusoma: kusoma barua zilizoachwa mezani, kusikiliza sauti zilizorekodiwa na watu ambao sasa ni maiti, kuingia chumbani mwa mtu na kutambua kutokana na vitu vyake alikuwa nani na aliogopa nini. Inapoacha kuniambia "soma" na kuanza kuniambia "kimbia", hupungukiwa na nguvu nyingi. Nitaeleza kwa nini, na kwa kuwa siwezi kufanya hivyo bila kusimulia kisa hadi mwisho wake, asiyetaka kukijua mapema na aicheze kwanza.

SOMA ilitolewa mwezi wa Septemba mwaka 2015 na Frictional Games, kampuni ya Uswidi iliyokuwa imejijengea jina mwaka 2010 kwa gemu ya kutisha iitwayo Amnesia: The Dark Descent. Mchezaji huona kila kitu kwa macho ya Simon Jarrett, kijana wa Toronto aliyeumia ubongo katika ajali ya gari, ambaye mwaka 2015 anakubali ubongo wake uchukuliwe picha kwa ajili ya tiba ya majaribio. Anaketi kitini, kifaa kinateremshwa kichwani, na anapofumbua macho yuko PATHOS-II, kituo kilichojengwa kwenye sakafu ya Bahari ya Atlantiki, na mwaka ni 2104. Nyotamkia imeigonga dunia na kuteketeza vilivyokuwa hai juu ya nchi. Waliosalia walikuwa watumishi wa kituo hicho, nao karibu wote wamekwisha. Akili unde iitwayo WAU, iliyowekwa kukitunza kituo, inaendelea kuhifadhi uhai wa binadamu kwa jinsi inavyoufahamu yenyewe: inatia nakala za akili za watu ndani ya roboti, na miili ya wanaokaribia kufa inaiunganisha na mitambo ili isikate roho.

Mimi ni mtu wa kisiwani. Bahari naiona kila siku, mbele ya Fort Jesus na katika kivuko cha Likoni, na kwa hiyo gemu yenye bahari naipima kwa mizani kali. Wengi wanaochora maji kwenye skrini huchora rangi ya samawati na samaki wa pambo. Hawa wamechora kina. Ukitoka nje ya kituo kwa mara ya kwanza huoni zaidi ya hatua chache. Chembe nyeupe zinaelea mbele ya uso wako, taa ya mbali inafifia na kurudi kadiri maji yanavyotibuka, na kuta za chuma zimeota viumbe wa baharini kama mwili wa jahazi lililotelekezwa. Ndani ya kituo vyuma vinalia. Sauti hiyo ya chuma kinacholemewa ndiyo iliyonikaa kichwani kuliko muziki wowote, kwa sababu inanikumbusha jambo ambalo kila mzamiaji analijua: kila mita 10 za kushuka huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na aliye mita 30 chini anabeba mara nne ya anachobeba aliyesimama ufukweni. Gemu inapokuteremsha kwenye kilindi, ambako taa za njia zinazimika moja baada ya nyingine na mkondo unakusukuma kando, nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

Usiku mmoja nilimketisha mjomba wangu mbele ya kompyuta, nikamvisha vipokea sauti. Ujanani alizamia upande wa Shimoni kutafuta majongoo ya bahari, na nilitaka kusikia hukumu yake. Alitazama kama dakika kumi bila kusema neno.

"Giza lao ni la kweli, mwanangu," akasema. "Lakini sauti siyo. Kule chini huwezi kujua sauti yatoka wapi. Yakuzunguka."

"Lakini mjomba, bila hivyo mchezaji atajuaje zimwi liko upande gani?"

"Hatojua. Ndiyo bahari hiyo."

Mjomba alikuwa sahihi, na sayansi inamuunga mkono. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na masikio yetu, ambayo hutambua upande kutokana na tofauti ndogo ya muda kati ya sikio moja na jingine, hupotea kabisa. Nadhani watengenezaji wameuacha ukweli huo ili mchezaji apate njia ya kuwakwepa wanaomwinda, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba bahari yao na mazimwi yao havikai vizuri pamoja.

Kabla ya mazimwi, hata hivyo, lazima nikae kwenye jambo ambalo limenifanya niithamini gemu hii kuliko nyingine zote za aina yake. Lugha yetu ina mwili, roho, nafsi na moyo, na wazee hawayachanganyi maneno hayo: roho hutoka, nafsi hutamani, moyo huuma, mwili huzikwa. SOMA inauliza "mimi" anakaa wapi kati ya hayo, na inauliza bila kuhubiri. Mapema kabisa Simon anamkuta roboti aliyevunjika, amelala sakafuni, anayezungumza kwa sauti ya mtu na kuamini kwa dhati kwamba yeye ni mtu aliyejeruhiwa. Simon anajaribu kumweleza kwamba anachokiona ni chuma kitupu. Yule anaona mikono yake ya nyama na hashawishiki. Nilimhurumia nikidhani mimi ndiye ninayeona sawasawa, na ni baadaye tu ndipo gemu inaponionyesha kwamba Simon ninayemwendesha hana mwili wake: nakala ya akili yake imewekwa ndani ya maiti ya mwanamke iliyomo katika vazi la kuzamia. Nilikuwa nimeitazama mikono ile kwa saa kadhaa bila kuisoma.

Nguvu hii inasaidiwa na ufundi ambao Frictional wamekuwa nao tangu gemu zao za mwanzo. Mlango haufunguki kwa kubonyeza kitufe na kungoja. Unashika mpini na kuuvuta kwa mwendo wa mkono wako. Waya unauchomoa, swichi unaisukuma. Jambo hilo linaonekana dogo hadi ufike Tau, mojawapo ya vituo vidogo vinavyounda PATHOS-II, ambako yuko Sarah Lindwall, mgonjwa, ameunganishwa na mashine, binadamu wa mwisho aliye hai. Ndiye aliyekuwa akiilinda Safina, chombo kilichobeba nakala za akili za watu wa kituo katika dunia ya kubuni, kinachongoja kurushwa angani kwa mzinga. Anakupa Safina, kisha anakuomba uzime mashine inayompa uhai. Unaweza kukataa na kuondoka. Hakuna alama unayopewa, hakuna tuzo, wala hakuna anayekuambia umefanya vyema au vibaya. Kwetu mgonjwa anayekata roho haachwi peke yake. Kuna wa kumtia maji mdomoni na wa kumsomea, na mwenye kazi ya kushika mkono tu. Niliketi na bibi yangu namna hiyo. Nilipomfanyia Sarah alichoomba sikuondoka. Nilisimama kando yake hadi chumba kikawa kimya, na nilibaki hapo muda mrefu kuliko gemu ilivyonihitaji kubaki.

Sasa mazimwi. Ni viumbe ambao WAU imewaharibu, na kila mmoja ana kanuni yake: wapo wasioona lakini wanaosikia, na yupo anayekuvamia kwa sababu umemtazama. Kwenye karatasi wazo hilo ni zuri. Katika kucheza, linageuka kuwa kazi ya kuchutama nyuma ya meza, kungoja zimwi lipite, kusogea hatua tano, kuchutama tena. Ukishikwa unaanguka, picha inavurugika, unaamka na kuendelea. Ukishikwa tena unarudishwa nyuma. Mara ya tatu hofu imekwisha na kilichobaki ni kero, kwa sababu zimwi ambalo umeshalijua njia zake ni sawa na askari wa lindo: unalihesabia muda. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba vyumba anamozunguka zimwi ndivyo vyenye barua na rekodi nyingi za kusoma. Nilipita katika bweni la kituo cha Theta nikiwa nimeinama, nikiacha mezani habari za watu ambao gemu yenyewe ilikuwa imenifundisha kuwajali. Nilizisoma mara ya pili tu.

Niliweza kuzisoma kwa sababu, mwezi wa Desemba mwaka 2017, gemu ilipoletwa kwenye Xbox One, watengenezaji waliongeza namna ya kuicheza iitwayo Safe Mode, ambayo huwaacha mazimwi wakizunguka bila kumuua mchezaji. Wapenzi wa gemu walikuwa wameshatengeneza nyongeza ya kufanana na hiyo wao wenyewe. Baadhi ya wachezaji huiona kuwa njia ya waoga, nami siafikiani nao hata kidogo. Nilipoicheza hivyo, zimwi lililonijia, likanitazama na kuendelea na njia yake lilinitia baridi kuliko lile lililonifukuza, kwa kuwa safari hii nilipata nafasi ya kuliona lilikuwa nani. Naichukua nyongeza hiyo kuwa ungamo la heshima kutoka kwa watengenezaji, na anayeanza leo namshauri aanze nayo.

Kasoro nyingine inanisumbua zaidi kwa sababu imo ndani ya kisa chenyewe. Katika kituo cha Omicron, Simon anahitaji vazi imara zaidi ili ashuke kilindini, na Catherine Chun, mwanasayansi ambaye naye ni nakala ndani ya kifaa anachokibeba Simon, anamhamisha. Simon anaamka katika vazi jipya, kisha anasikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye kiti alichokuwa. Hakuhamishwa, alinakiliwa, na yule wa kwanza bado yupo, amelala. Tukio hilo ni miongoni mwa mambo makubwa niliyowahi kuyaona kwenye skrini, na mshtuko wa Simon ni halali. Lakini mwishoni, baada ya kuyaona hayo kwa macho yake, anaketi tena kitini ili anakiliwe kuingia Safinani, na anapojikuta bado yuko chini ya bahari anamfokea Catherine kana kwamba ametapeliwa. Katika mji huu, ambao kwa vizazi waandishi walinakili tenzi kwa mkono, karatasi kwa karatasi, hata mtoto wa chuoni angejua kwamba nakala ikimalizika, msahafu wa asili hubaki pale pale ulipokuwa. Najua kuna utetezi: picha ya ubongo wa Simon ilichukuliwa ukiwa umeumia, na mwenye hofu husadiki anachokitamani. Utetezi huo haunitoshi, kwa sababu gemu inamfanya mzito wa kuelewa ili Catherine apate kutueleza sisi tuliokwisha kuelewa saa mbili zilizopita, na mchezaji anatengana na mtu ambaye tangu mwanzo amekuwa akiona kwa macho yake.

Kuna na hili la lugha, ambalo halihitaji maneno mengi. Gemu ya kusoma kiasi hiki haina maandishi ya Kiswahili, na vijana kadhaa wa mtaani niliowaonyesha waliipenda bahari yake na kukiacha kisa njiani.

Pamoja na hayo yote, mwisho wenyewe umenishika. Mzinga unalia, Safina inapaa, kifaa cha Catherine kinaungua katikati ya ugomvi, na Simon anabaki gizani akimwita asimwache peke yake. Baada ya majina ya watengenezaji kupita, tunamwona Simon mwingine akiamka Safinani, penye jua na miti, akikutana na Catherine mwingine. Pepo hiyo imechorwa kwa haraka, na nilitamani niruhusiwe kuitembea zaidi kabla ya kutolewa nje na kuonyeshwa Safina ikielea juu ya dunia iliyoungua.

Ninalolirudia mara nyingi, hata hivyo, ni kile kiti cha Omicron. Gemu inakuruhusu kumzima Simon aliyelala au kumwacha. Mara ya kwanza nilimzima, upesi, nikijiambia kwamba ni huruma, kwa kuwa angeamka peke yake katika kituo cha wafu. Mara ya pili nilisimama mbele yake hadi feni ya chumbani kwangu ikazimika kwa umeme kukatika, na kwa kuwa gemu hujihifadhi yenyewe, umeme uliporudi alfajiri nilimkuta vilevile, kichwa kimeinama, haoni kitu. Nikamwacha alale, nikaenda kwenye lifti.