Recon au Retaliator? Mita za kwenye boksi si hoja

Mjadala wa bunduki za kuchezea za risasi za sponji ukifika kwa Nerf Recon CS-6 na Retaliator, watu wanabishania jambo moja tu: ipi inafika mbali. Hapo kusema kweli hakuna cha kubishania. Recon ilitoka 2008. Retaliator ikaja 2012 na kundi zima la bunduki za Nerf liitwalo Elite, na Hasbro, kampuni yenye Nerf, wakaandika kwenye boksi futi 75, kama mita 23. Recon ambayo haijaguswa na fundi, ukiilenga sawa bila kuinua mtutu, ikivuka mita kumi imejitahidi.

Mimi pia nachagua Retaliator. Ila hizo mita 23 hazimo kwenye sababu zangu.

Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. Zote unakoki kwa kuvuta nyuma ile sehemu ya juu inayoteleza, magazini, yaani kile kikasha cha risasi, inachomekwa kwa chini, mtutu wa nyongeza unapachikwa mbele na kitako nyuma. Magazini ya Recon inabeba risasi 6, ya Retaliator 12, na zinaazimana bila shida. Recon ya mwanzo ni ya njano. Retaliator ni ya buluu na nyeupe, yenye vipande vya rangi ya chungwa. Ukiona mtu anakuuzia iliyotumika na kuisifia kwamba ni "ileile", angalia rangi kabla ya kutoa hela.

Tofauti yenyewe iko ndani. Kwenye Retaliator, springi inasukuma pistoni kwenda mbele, pistoni inasukuma hewa, hewa inaifuata risasi moja kwa moja. Recon mpangilio wake umegeuzwa. Hewa inazungushwa kupitia njia ndefu kabla haijaifikia risasi, na nguvu inapotelea humo humo njiani. Kugeuza huko kunaokoa nafasi ndani ya bodi, kwa hiyo haukuwa uzembe wa wabunifu, lakini anayelipia ni risasi.

Sasa, nguvu hiyo ya ziada inakusaidia nini? Risasi ya sponji ina uzito wa kama gramu moja. Upepo kidogo tu unaipeleka unakotaka wenyewe, na hata pasipo upepo, ikishakwenda mbali inaanza kuyumba mkia na kupinda. Kumpiga mtu akiwa mita ishirini ni bahati, usijisifu. Lakini toka mlangoni hadi nyuma ya kochi, mita tano au sita hivi, Retaliator inakwenda imenyooka na inafika kabla mtu hajainama. Ukiwa na Recon unalazimika kuinua mtutu kidogo, risasi inapanda halafu inashuka, na mlengwa anaitazama inavyokuja. Wengine wanapata hata muda wa kucheka. Kwangu hicho ndicho unachonunua: kasi ndani ya chumba.

Kitu ambacho Retaliator haikukitibu ni kukwama. Mtoto akiwa na haraka anakoki nusu, havuti hadi mwisho, anarudisha mbele kwa nguvu. Risasi inaingia kombo na kujikunja. Hapo unafungua kile kimlango cha juu, unaingiza kidole, unaivuta ikiwa na mkunjo shingoni, na risasi hiyo haitanyooka tena hata uibembeleze vipi. Toleo jipya lina kimlango hichohicho kwa sababu lina ugonjwa uleule. Na kwa mkono wangu naiona Retaliator ngumu kidogo kuvuta, kwa hiyo mikono midogo ndiyo inayokoki nusu zaidi. Kwa mtoto wa miaka minane hivi, anayekimbizana na wenzake sebuleni, Recon si aibu hata kidogo. Ningefurahi zaidi kama Hasbro wangeshughulikia huko kukwama kwanza, mita za boksi zikasubiri.

Mtutu wa nyongeza sitaupigia debe kwa bunduki yoyote kati ya hizi. Ni mpana kuliko risasi, hauisukumi wala hauiongozi. Kazi yake ni urembo, na risasi iliyopinda inaweza kuugusa ikatoka imechoka. Kitako ni sawa, ingawa kinachezacheza, labda uwe mrefu kama mimi ndipo utakiona kifupi.

Kuna kundi la watu wanaopenda Retaliator kwa sababu nyingine kabisa: wanaifungua, wanatoa springi ya kiwandani na kuweka kali zaidi. Vipuri vyake vipo vya kila aina. Siwalaumu, mimi mwenyewe napenda kuona mashine ikiwa wazi mezani. Lakini ikishabadilishwa hivyo si ya kuchezea na watoto tena, na miwani ya kukinga macho si hiari.

Kitu kimoja cha Recon ndicho kinachoniuma kukikosa: ile taa ya kulengea. Haikusaidii kulenga sana, ila watoto wakizima taa za nyumba mchezo unakuwa mwingine kabisa. Retaliator ilipewa kishikio cha mbele badala yake. Bahati nzuri reli za kupachikia ni zilezile, kwa hiyo ukiikuta Recon imevunjika imetupwa mahali, usiipite. Chomoa taa, chukua na magazini, vyote viwili vinaingia kwenye Retaliator bila kutumia bisibisi.