Hatata ya Zera Yacob: fikra za pangoni au kalamu ya mmisionari?

Udeisti ni imani kwamba Mungu yupo, na kwamba akili ya mtu inatosha kumjua bila kitabu wala nabii. Historia yake husimuliwa kama jambo la Ulaya tupu: Herbert of Cherbury na De Veritate, iliyochapwa Paris mwaka 1624, John Toland, ambaye kitabu chake cha 1696 kilichomwa moto Dublin mwaka uliofuata, Matthew Tindal mwaka 1730, kisha Voltaire, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 18. Miaka ya karibuni orodha hiyo imeongezwa jina la Mhabeshi, Zera Yacob wa Aksum, anayesemekana kuzaliwa 1599 na kuandika Hatata, yaani uchunguzi, mwaka 1667 kwa Ge'ez, lugha ya kale ya maandishi na ibada ya Ethiopia. Wako wanaomtaja kuwa thibitisho kwamba Afrika ilikuwa na falsafa ya akili kabla ya Voltaire. Wengine wanasema hakuwapo kabisa, na kwamba kitabu kilitungwa katika karne ya 19 na Mwitaliano, Giusto da Urbino, mtawa wa Kikatoliki wa shirika la Wakapuchini aliyekuwa mmisionari Ethiopia.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi wanaokigombania hawajakisoma. Kinasimulia maisha ya mwalimu wa Maandiko wakati wa Mfalme Susenyos, aliyejiunga hadharani na Ukatoliki mwaka 1622 chini ya ushawishi wa Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki kutoka Ulaya. Zera Yacob alikuwa akifundisha kwa kusema: wageni wa Ulaya wanafasiri hivi, Wakopti, yaani kanisa la kale la nchi, wanafasiri hivi. Hakuegemea upande, kwa hiyo pande zote mbili zikamchukia. Aliposingiziwa kwa mfalme alikimbia na vitu viwili, dhahabu kidogo na Zaburi za Daudi, akakaa pangoni miaka miwili. Baada ya Susenyos kumwachia mwanawe Fasilides kiti mwaka 1632, alitulia Enfraz, karibu na Ziwa Tana, akawa mwandishi wa tajiri aitwaye Habtu na mwalimu wa wanawe. Huko alimwoa Hirut, mtumishi wa nyumba ile. Mwanafunzi wake Walda Heywat ndiye aliyemwomba aandike, naye mwenyewe akaacha Hatata ya pili.

Hoja zake ni za moja kwa moja. Kila mwenye dini husema yake ndiyo ya kweli na ya mwenzake ni uongo. Nani basi atawaamua, iwapo kila hakimu ni mfuasi wa upande mmoja? Jibu lake ni nuru ya akili ambayo Muumba ameweka katika moyo wa kila mtu. Kwa kipimo hicho anakagua sheria za dini moja baada ya nyingine. Utawa unakwenda kinyume na mpango wa Muumba aliyeweka ndoa. Kuoa wake wengi pia ni kinyume, kwa sababu wanaume na wanawake huzaliwa kwa idadi iliyo sawa, na mmoja akijitwalia kumi, tisa hukosa. Sheria ya Musa inayoita hedhi unajisi inakitukana kitu alichokiumba Mungu mwenyewe. Biashara ya watumwa haiwezi kutoka kwa Mungu, maana watu wote ni sawa mbele yake. Mkristo, Mwislamu na Myahudi, kila mmoja ana sababu ya kukasirika.

Sasa mashaka. Hatata inajulikana kutokana na miswada miwili, ambayo leo iko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwenye mkusanyo wa Antoine d'Abbadie, msafiri na msomi aliyekusanya miswada ya Ethiopia, namba 215 na 234. Yote miwili ilimfikia d'Abbadie kwa njia ya Giusto katika miaka ya 1850, na ule wa namba 234 Giusto aliunakili kwa mkono wake. Hakuna nakala ya zamani zaidi iliyothibitishwa nje ya mikono ya mtu huyo. Uwezo wa kutunga kwa Ge'ez alikuwa nao: aliandaa kamusi ya lugha hiyo, akafasiri pia kwa Ge'ez kitabu cha Kifaransa cha mabishano ya dini. Zaidi ya hayo, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jacopo, yaani Yakobo, na Zera Yacob maana yake ni mbegu ya Yakobo. Mwaka 1920 Carlo Conti Rossini, msomi wa Kiitaliano wa mambo ya Ethiopia, aliunganisha mambo haya na ushuhuda wa Abba Takla Haymanot wa Adwa, uliosema Giusto ndiye mtunzi, akatoa hukumu: kitabu ni cha kughushi. Msomi wa Kijerumani Eugen Mittwoch alimuunga mkono mwaka 1934, na katika karne hii mwanahistoria wa Kifaransa Anaïs Wion ameirudia kesi hiyo kwa kupekua barua na miswada yenyewe.

Upande wa utetezi ulipata nguvu kwa Claude Sumner, Mjesuiti kutoka Kanada aliyefundisha Addis Ababa na kuchapa juzuu tano za falsafa ya Ethiopia kuanzia 1974. Alilinganisha lugha, nukuu za Biblia na mtiririko wa mawazo, akahitimisha kwamba Hatata mbili zina waandishi wawili tofauti, na kwamba Giusto si mmoja wao. Ya Walda Heywat ni pole, imejaa mashauri ya kazi, ndoa na chakula. Ya mwalimu wake ina makali ya mtu aliyewahi kuwindwa. Mghushi angelazimika kubuni sauti mbili na kuzilinda zisichanganyike. Getatchew Haile, bingwa wa miswada ya Ge'ez, aliwahi kuwa upande wa mashaka kisha akahama: mazingira ya kitabu, alisema, ni ya Kihabeshi mno kwa mgeni kuyatunga.

Hapa yanaingia makosa mawili ya njia. La kwanza ni kupima hoja kwa nia ya msemaji. Ni kweli Conti Rossini aliwahi kuwa ofisa wa ukoloni Eritrea, na mwaka 1935, Italia ikijiandaa kuivamia Ethiopia, aliandika kwamba nchi hiyo haiwezi kustaarabika. Mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu ya kufurahi Mwafrika anyang'anywe kitabu. Lakini miswada miwili iliyopita mkono mmoja inabaki miwili, hata msemaji awe na roho mbaya kiasi gani. Na watetezi nao wana hamu yao, ya kupata Descartes mweusi, yaani Mwafrika wa kulinganishwa na mwanafalsafa huyo wa Ufaransa wa karne ya 17, hamu ambayo haijawahi kuongeza umri wa karatasi hata siku moja.

La pili ni kudhani kwamba kukosekana kwa nakala kongwe kunamaliza kesi. Sisi wa pwani tunajua jambo hili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inasomwa kutokana na nakala za baada yake, baadhi zikiwa zimeandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, na hakuna anayesema Kijuma ndiye mtunzi. Ila tofauti ni kubwa: utenzi ule ulipita kwenye vinywa na mikono ya wengi wasiotegemeana, hivyo ushahidi wa mmoja unaukagua wa mwenzake. Hatata haina shahidi wa pili. Watetezi huipitia tofauti hii haraka mno.

Hata hivyo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote linafanywa na kambi zote mbili kwa pamoja, nalo ni kukisoma kitabu kama udeisti wa Ulaya. Wenye mashaka husema: kinafanana na Voltaire, basi kimetokana na Voltaire. Watetezi husema: kinafanana na Voltaire, tena kimemtangulia. Mfanano upo. Ukichukua nguzo tano za Herbert, yaani Mungu yuko, anastahili kuabudiwa, wema ndio ibada kuu, dhambi zitubiwe, na kuna malipo baada ya kufa, zote utaziona Enfraz. Lakini deisti wa kawaida wa karne ya 18 alikuwa na Mungu wa sheria za maumbile, asiyevunja mpango wake kwa ajili ya ombi la mtu. Zera Yacob anaomba mchana na usiku. Anamshukuru Mungu kwa kumwokoa na adui fulani, kwa kumpa mke, kwa kumlisha. Zaburi zinapita katika kila ukurasa, si kama mapambo, bali kama pumzi ya hoja. Anamthibitisha Muumba kwa kurudi nyuma, wazazi hadi wazazi wao hadi wa kwanza kabisa, halafu mara moja anauliza: je, ananisikia? Naye anajibu ndiyo, kwa hoja kwamba aliyeumba sikio hawezi kuwa kiziwi. Hoja hiyo inatoka Zaburi ya 94, haikutoka mabaraza ya wasomi wa Paris.

Hili halimtoi Giusto hatiani, kwa sababu mtawa naye husali Zaburi kila siku. Linachofanya ni kuiondoa mezani hoja ya mfanano, pande zote mbili. Linafungua pia uwezekano wa tatu, ambao kwangu una uzito kuliko unavyopewa: kwamba Giusto alikuta fikra za wasomi wa Kihabeshi waliochoshwa na ugomvi wa madhehebu, zikiwa kwa mdomo au kwa maandishi, akazipanga. Ikiwa ndivyo, kuuliza nani mtunzi kwa kutarajia jina moja ni kuuliza vibaya.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, kazi iko kwenye Ge'ez na si kwenye tafsiri, maana tafsiri huvisha maneno ya ibada nguo za falsafa. Mnakili huacha alama zake: huruka mstari pale maneno mawili yanapofanana mwisho, hurudia silabi, huandika vibaya jina asilolijua. Mtunzi anayerekebisha kazi yake hufanya kingine: hubadili hoja, hulainisha sentensi, huongeza mfano. Tofauti za namba 234 na 215 zipangwe katika mafungu hayo mawili, moja moja. Tarehe nazo zikaguliwe kwa kalenda ya Kihabeshi, iliyo nyuma ya ile ya Ulaya kwa miaka 7 au 8, kwa kuwa mgeni anayebuni tarehe hukosea hasa kwenye kubadilisha.

Kitakachomaliza ubishi ni nakala ya kabla ya 1846, mwaka Giusto alipofika Ethiopia. Maelfu ya miswada ya makanisa na monasteri yamepigwa picha, na sehemu kubwa ya picha hizo iko Collegeville, Minnesota, Marekani, ambako Getatchew Haile aliandaa katalogi kwa miaka mingi. Anayetafuta asitafute jina Zera Yacob peke yake. Mwandishi anasema watu walimwita Worqe, na mtu aliyeificha imani yake maisha yote hangeandika jina lake juu ya jalada. Kurasa kama hizo huweza kuwa zimeshonwa nyuma ya Zaburi ya mtu, bila kichwa, katika kitabu ambacho katalogi inakiita Zaburi tu.