Tiba ya mtoto ianzie sebuleni au kliniki?

Kila mjadala wa afya ya akili ya watoto unapozuka hapa Kisumu, sauti moja hupanda juu ya nyingine: mtoto aliyeumia apelekwe kwa mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo, mlango ufungwe, wazungumze. Afisa wa jamii, anayezitembelea familia zenye shida, abaki na mambo yake ya karo, unga na barua za chifu. Wanaosema hivyo wana hoja nzito, nami nitaifikia. Ila naona namna afisa wa jamii anavyomtibu mtoto pamoja na watu wake imehukumiwa kabla ya kutazamwa.

Chukua mtoto wa Gredi ya 5 kule Nyalenda aliyeacha kusema darasani tangu mamake azikwe na yeye kuhamia kwa babake mdogo. Kliniki itampima huzuni. Afisa wa jamii ataenda nyumbani jioni watu wakiwapo, aketi, aulize mambo yanayoonekana madogo: nani hulala wapi, nani huamka kwanza, mtoto akilia usiku nani humwendea. Kisha atatandaza karatasi ya manila sakafuni na kuchora ukoo pamoja nao, duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, alama ya X kwa aliyefariki. Katikati ya kuchora, mke wa baba mdogo huenda akasema kwamba yeye hakuulizwa kama yuko tayari kulea mtoto mwingine. Mtoto alikwisha kulijua hilo. Amekuwa akijaribu kuishi humo bila kusikika. Kliniki ingelipataje, na huyo mama hakuitwa?

Huu si ubunifu wa mtu aliyekosa ofisi. Virginia Satir wa Marekani na Michael White wa Australia, majina makubwa katika tiba ya familia, wote walisomea kazi ya jamii. Kutoka kusini mwa Afrika ulikuja Mti wa Maisha, ambao Ncazelo Ncube wa Zimbabwe aliubuni na David Denborough kwa ajili ya watoto walioathiriwa na UKIMWI. Mtoto huchora mti: mizizi ni alikotoka, shina ni anayoyaweza, majani ni watu anaowapenda, wakiwamo waliokufa. Dhoruba, yaani magumu yaliyompata, huzungumzwa baadaye, akiwa ameshaona ana nini cha kushikilia. Nyanza hii, ambako nyanya wengi walizika wanao wakabaki na wajukuu, haihitaji kuelezwa kwa nini hilo lina maana.

Kuna utafiti ninaourudia kila mara. Watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, nusu Kenya, eneo la Bungoma, na nusu Tanzania, walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliowahudumia baadhi yao kwa vikao vya tiba vya vikundi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na walezi walikuwa na vikao vyao. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa Kenya waliopata tiba hiyo walikuwa bado na nafuu kubwa kuliko wenzao wasioipata; Tanzania tofauti ilikuwa imetoweka. Na upande wa Kenya ndiko njaa ilikuwa kali zaidi, walezi wagonjwa zaidi, wa kuwashika mkono wachache zaidi. Mimi naona hapo kwamba hali ya nyumba anayolala mtoto ni sehemu ya tiba yenyewe, na anayeijua nyumba hiyo hawezi kuitwa msaidizi tu. Mwanasaikolojia atanijibu kwamba watu wale walifuata mpango maalumu na walisimamiwa kwa karibu. Ni kweli, na sitaki kulipunguza.

Sasa hoja nzito ya wanaotaka kliniki. Katika utafiti wa kitaifa wa 2019, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume wa miaka 18 hadi 24 walisema walipitia ukatili utotoni. Anayemuumiza mtoto anaweza kuwa ndiye aliyemkaribisha afisa kwa chai. Mbele yake mtoto hatasema, na akisema atalipia usiku. Pia anayekuja leo kuponya anaweza kesho kuandika ripoti ya kumwondoa mtoto hapo. Familia inalijua hilo na huchagua maneno. Ndiyo maana kila mtoto apewe muda wa peke yake kabla ya kikao chochote cha pamoja, na anayetibu asiwe yule yule anayeandikia mahakama.

Lakini kumrudisha afisa kwenye barua za chifu kutatuacha wapi? Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unawatoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarejesha kwa jamaa. Mtoto aliyekaa makaoni miaka sita anapofikishwa kwa nyanya yake kijijini Seme, wote wawili ni wageni. Nyanya hatapanda matatu kila wiki kumpeleka kliniki mjini. Kaunti ilipe mwanasaikolojia aketi na maafisa wa jamii kila wiki, wapitie kesi moja moja, na nauli ya kufika Seme iwe kwenye bajeti.