Mtoto Asitangulie Barabarani

Kigari cha mtoto kina urefu wa kama mita moja kutoka mpini hadi magurudumu ya mbele, na hatari yake yote barabarani imo kwenye mita hiyo. Anayesukuma yuko nyuma na macho yake yako nyuma, mtoto yuko mbele. Mama au dada wa kazi akifika ukingoni mwa Barabara ya Digo hapa Mombasa na kuchungulia kati ya matatu mbili zilizosimama aone kama njia ni nyeupe, yeye mwenyewe bado yuko salama. Mtoto ameshaingia kwenye njia ya magari. Bodaboda anayejipenyeza ubavuni mwa zile matatu atamfikia mtoto kabla hajamwona mama.

Sina neno na vigari. Mtoto wa miezi 8 ana kilo 8 au 9, na mgongo wa mama una haki ya kupumzika. Siku hizi si vya Nyali, mtaa wa wenye nazo, peke yake. Vya mitumba vinapatikana kwa bei nafuu na utaviona Majengo, Kisauni, Bamburi mpaka Mtwapa. Ninalolipinga ni tabia ya kukisukuma kigari mbele ya magari ili yasimame, kama baharia anayepima kina cha maji kwa upondo. Upondo ukivunjika hukatwa mwingine.

Mtu mzima anayevuka peke yake, dereva humwona kwa kichwa na mabega. Kichwa cha mtoto aliyeketi kwenye kigari kiko sentimita 60 au 70 tu kutoka chini, pungufu ya boneti ya pikapu nyingi. Dereva wa trela la kwenda bandarini, aliyeketi zaidi ya mita mbili juu ya lami, haoni kabisa kitu kifupi kilicho hatua moja au mbili mbele ya bampa yake. Kwa hiyo pale Changamwe au Magongo, malori yanapokuwa yamekwama kwenye foleni na watu wanakatiza katikati yake, kigari ndicho kitu cha mwisho kupitishwa hapo. Foleni ikisogea, dereva huangalia gari la mbele yake, haangalii kilicho chini ya pua ya lori. Matatu inayorudi nyuma stejini ni vilevile: mtoto yuko chini ya kioo cha nyuma, na makanga anayeita abiria mlangoni hana habari.

Hesabu ya mwendo nayo watu wengi huikosea. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mjini. Mwendo huo ni karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kugusa breki. Gari limeshakula mita 21. Kusimama kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima, kunataka mita nyingine 14 au 15. Jumla ni mita 35 hivi, na hapo hatujazungumzia lami iliyolowa wakati wa masika wala tairi zilizochakaa. Upande wa pili, barabara ya njia mbili ina upana wa mita 7, na mtu anayesukuma kigari huenda kama mita moja kwa sekunde. Atakuwa barabarani sekunde 7. Katika sekunde hizo gari lisilopunguza mwendo husafiri karibu mita 100. Ukiona gari liko mita 50 ukajiambia litanikuta nimeshapita, ujue umemwachia dereva kazi ya kukuokoa wewe na mtoto.

Basi kuvuka kwenyewe kuweje? Kabla ya kuangalia magari, angalia ng'ambo. Tafuta utakapopandia: mahali ambapo ukingo umeshushwa, au penye kabro, yale matofali ya kutandika njia, zilizolingana na lami. Jambo hili hupuuzwa mno, nalo ndilo linalowakwamisha watu. Mtu huvuka vizuri, akafika ng'ambo akakutana na ukingo wa sentimita 15, magurudumu madogo yakagonga, na akaanza kuhangaika kuinua kigari huku mgongo wake ukiwa bado njiani na tuktuk inapiga honi. Kama lazima upande ukingo, kandamiza mpini chini ili magurudumu ya mbele yainuke kabla hayajagonga, yaweke juu, kisha sukuma kwa mwendo mmoja. Usikivute kinyumenyume, maana hapo mtoto ndiye anayebaki upande wa magari.

Ukishajua utakapopandia, simamisha kigari hatua moja nyuma ya ukingo, kikiwa kimelala sambamba na barabara, pua isielekee kwenye magari. Funga breki. Wewe ndiye usogee ukingoni, mkono mmoja ukiwa kwenye mpini, uangalie kulia, kushoto, kisha kulia tena. Hata kwenye njia ya upande mmoja angalia pande zote, kwa sababu bodaboda na mikokoteni haijali mshale. Njia ikiwa nyeupe ndipo ufungue breki, ukigeuze na uvuke moja kwa moja. Usivuke mshazari kufuata duka unaloliendea, kwani mshazari unazidisha sekunde. Na usikimbie, kigari kikikimbizwa, gurudumu la mbele likiingia kwenye shimo au kwenye wavu wa mtaro, kinapinduka kwa mbele.

Kuna mtego mmoja wa kuvizia sana: dereva mwungwana. Anasimama, anakupungia mkono upite. Unamshukuru, unasukuma. Wa nyuma yake hajui amesimamia nini, anatoka kulia kumpita. Au bodaboda anapenya kushoto. Mbele ya gari lililosimama usipite mfululizo. Ukikaribia mwisho wa upana wake, simama, toka nyuma ya mpini uje ubavuni mwa kigari, mkono mmoja ukiwa umekishika, ili macho yako yalingane na magurudumu ya mbele. Chungulia hivyo. Ni sekunde mbili tu, na aliyekusimamia atangoja. Nafasi ya kati ya magari yaliyoegeshwa itumie pale tu ambapo hakuna njia nyingine, na kwanza hakikisha hakuna dereva ndani wala injini inayonguruma.

Barabara za njia nne zina shida yake. Watu huvuka nusu, wakasimama kwenye tuta la katikati kungoja nusu ya pili. Kigari pamoja na anayekisukuma huchukua kama mita 1.7. Tuta likiwa na upana wa mita moja, ama pua ya kigari imetokeza mbele ama wewe umebaki nyuma. Kilaze sambamba na barabara, ufunge breki, usimame nacho ubavuni. Tuta likiwa jembamba hata kwa hilo, pahali hapo si pa kuvukia. Nenda mbele kwenye taa au penye alama za pundamilia, hata kama ni mwendo wa dakika tano. Daraja la juu lenye ngazi nalo lisikushinde: mtoto mgongoni kwa leso, kigari kimekunjwa mkononi. Mbeleko haijapitwa na wakati, na kwa ngazi hakuna kinachoishinda.

Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia ukiyakabili magari yanayokuja. Wapo wanaoogopa kwamba hivyo mtoto anakabiliana nayo. Ni kweli, lakini na wewe unayaona, na unaweza kuvuta kigari pembeni kwa wakati. Ukiyapa mgongo, unategemea masikio peke yake, na masikio yenyewe mara nyingi yana visikizi. Simu iwekwe. Mkono mmoja kwenye simu na mmoja kwenye mpini hautoshi kugeuza kigari chenye magurudumu yanayozunguka kila upande.

Sasa kigari chenyewe. Cha mitumba kikague kabla hujalipa. Breki ijaribiwe kwenye mteremko: weka mzigo wa kilo 10 ndani, funga, achia. Kikisogea hata kidogo, breki imekwisha meno. Tikisa kila gurudumu. Likicheza, ekseli imelika, na ndilo litakalochomoka katikati ya Kenyatta Avenue. Kufuli la kuzuia kigari kisijikunje likague mara mbili. Mikanda iwe ya ncha tano, ile inayopita mabegani, kiunoni na kati ya miguu, na ikifungwa vidole viwili tu vipite kati yake na kifua cha mtoto. Mkanda uliofungwa ovyo huacha mtoto ateleze kwa chini. Kama hakuna utepe wa kuvalia kiganjani, shona mmoja imara kwenye fremu, mbali na mikono ya mtoto. Utepe huo ndio utakaokuokoa siku ukisukumwa kwenye umati na mpini ukakuponyoka. Mpini usitundikwe mifuko ya soko. Kilo chache za viazi na nazi zinatosha kukipindua nyuma mara tu unapomwinua mtoto. Mzigo ukae kwenye kapu la chini.

Likoni inahitaji neno lake. Mteremko wa kuingilia feri huonekana mrefu zaidi maji yakipwa, na watu hushuka kwa kusukumana. Hapo ningeshauri kigari kikunjwe kabisa na mtoto abebwe. Ukishindwa, shuka wewe ukiwa umekivuta kidogo kwako, utepe kiganjani, na ukifika ndani kigeuze ubavu, pua isielekee mlangoni, breki ifungwe mpaka feri itue. Usiwe wa kwanza kukimbilia nje.

Baada ya Magharibi mambo hubadilika haraka, maana huku Pwani jua likizama giza haliwi mbali. Buibui jeusi na kigari cha buluu iliyoiva, barabara isiyo na taa, dereva anayemulikwa na wa mbele yake: mama na mtoto hawaonekani mpaka wawe karibu. Dawa yake ni rahisi. Bandika utepe unaong'aa kwa taa za magari kwenye fremu, mbele, nyuma na pande zote mbili, au walau tandaza kitambaa cheupe juu ya paa la kigari. Mchana leso isifunike mdomo wa kigari kizima: joto hujaa ndani, humwoni mtoto, na pindo likianguka hunaswa na gurudumu.

Wako watakaosema lawama zote ni za madereva na kaunti. Za madereva zipo, wala sizifichi. Takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama barabarani, mwaka baada ya mwaka huonyesha kwamba wapita kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa katika barabara za Kenya, na wengi hawakukosea lolote. Kaunti nayo ina deni. Njia za miguu mjini zimewekwa kabro nzuri, kisha zikaachiwa magari ya kuegesha na meza za biashara, mwenye kigari akabaki na lami. Mifuniko ya mitaro imekosekana, kingo hazikushushwa penye vivuko. Kuziondoa meza bila kuwapa wachuuzi pahali pengine ni kuhamisha balaa, lakini gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu halina udhuru wowote, na hilo lingeanza kuondolewa kesho. Hata hivyo mtoto hawezi kungoja kaunti, na deni la dereva halilipi mguu uliovunjika.

Kinachonishangaza ni kwamba kigari hununuliwa, kikaoshwa, mtoto akawekwa, kisha kikakabidhiwa dada wa kazi wa miaka 19 au kaka mtu wa miaka 11 bila kuonyeshwa hata breki iko wapi. Wa miaka 11 asikabidhiwe kabisa penye magari. Makadirio ya mwendo bado yanampiga chenga. Dada wa kazi aonyeshwe kwa vitendo, kigari kikiwa kitupu, barabara ya mtaani kwanza: kufunga na kufungua breki bila kuangalia chini, kukilaza sambamba, kupanda ukingo, kuchungulia kutoka ubavuni. Kisha aambiwe waziwazi kwamba akichelewa nusu saa kwa sababu amezunguka mpaka kwenye alama za pundamilia, hakuna atakayemgombeza. Wengi huvuka ovyo kwa sababu wanaogopa kuulizwa walikuwa wapi.