Moshi Mtu Hakai Bure

Jamani, hawa wanaotuhubiria "jipe muda wako" waje kwanza Pasua. Moshi hii mtu hakai. Ukikaa tu, umekuwa mali ya umma.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wangu wote wanataka nguo "kesho", hata aliyeleta kitambaa leo jioni. Sasa nikirudi nyumbani natoa kiti nje, naegemea ukuta, nafumba macho. Hapo hapo: "Baba Neema, unaumwa?" Ukisema huumwi, basi una nafasi. Kama una nafasi, hebu nishikie huyu mtoto nikimbie dukani. Nimeshabembeleza watoto ambao hata mama zao siwafahamu vizuri.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, angalau dakika 150 kwa wiki. Nikagawa: nusu saa, siku tano. Inawezekana, ila waliopanga walisahau salamu. Nikielekea Mbuyuni, nusu saa yote inaliwa na shikamoo. Huwezi kumpungia mzee mkono ukaongeza mwendo. Kabla hujafika, Kibosho wameshapigiwa simu kwamba umeanza kiburi. Bodaboda nao: "Mzee panda, utalipa kesho!" Hawaamini mtu mzima anaweza kwenda haraka mikono mitupu bila kuwa anakimbia deni. Siku nyingine nilirudi na mkungu mzima begani, wa shemeji, "kwa kuwa unaelekea huko huko." Jasho lilinitoka, sikatai.

Kulala? Wataalamu wa usingizi wanasema angalau saa saba. Zitoke wapi? Usiku kuna kikao cha harusi. Kikao cha saa moja kinaanza saa tatu, na ajenda ya kwanza ni kuwajadili waliochelewa. Harusi moja ina vikao kuliko halmashauri! Jumamosi alfajiri ni jumuiya, na ole wako ulale. Usipoonekana, wanahamia kwako kukuombea.

Mke wangu akanionea huruma: "Nenda Chemka, ukatulize akili." Wazo zuri. Maji yale ya chemchemi ni masafi, unaona mpaka chini, na hayang'ati kama ya mlimani. Nikajiona naelea peke yangu chini ya miti. Habari zikavuja. Asubuhi, ndani ya haisi ya Boma Ng'ombe, nina wanangu, wa shemeji, wa mama mwenye nyumba na sufuria la machalari. Kutoka Boma tukala vumbi kwenye bajaji, tumebanana, mchuzi ukinimwagikia mapajani. Siku nzima nimesimama ukingoni nahesabu vichwa. Kimoja kikizama, naanza upya. Kuna wakati nilipata vichwa vingi kuliko nilivyokwenda navyo, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, maana wale wa ziada nao walikuwa wananiita baba na kuuliza machalari.

Jumatatu nikapitia kupima presha. Nesi akaitazama mashine, akatikisa kichwa. "Baba, punguza mawazo. Jifunze kukataa baadhi ya mambo."

Nikamwambia sawa, dada, nimekuelewa.

Akavuta droo, akanipa kadi ya mchango wa sendofu ya mdogo wake. Singo elfu hamsini, dabo laki moja. Nimeandikwa dabo.