Kromi imekaa wapi?

Baadhi ya wanaosoma fizikia ya yabisi hapa Mlimani huibeza resonansi ya sumaku ya elektroni, yaani kupima elektroni za sampuli kwa uga wa sumaku na mawimbi ya mikro, kwa neno moja: imezeeka. Mwanafizikia Zavoisky aliigundua Kazan, Urusi, mwaka 1944, tena kipimo chenyewe huona fuwele nzima, ilhali utamu wa vihami topolojia uko usoni, ambako elektroni hupita wakati ndani zimezuiwa. Hoja ina uzito. Utando wa nanomita 5 una atomu chache za sumaku, na ishara yake ni dhaifu.

Lakini turudi 2013. Kundi la mwanafizikia Xue Qikun, Beijing, lilitia kromi kwenye mchanganyiko wa bismuthi, antimoni na teluri, likapata ukinzani wa Hall (volti ya upande ikigawanywa kwa mkondo) wa omu 25,813 hivi bila uga wa sumaku wa nje. Utando ule ulishakuwa sumaku kwenye kelvini 15 (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri halisi ya baridi); ajabu yenyewe, yaani ukinzani huo kamili, ikasubiri hadi kelvini 0.03. Mara 500! Kama usumaku upo tangu 15, nini kinakula kelvini hizo nyingine zote? Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba kromi haikutapakaa sawasawa: huku imerundikana, kule haipo, na umeme unavuja kwa ndani. Kipima ukinzani kitakuonyesha uvujaji. Hakitakuambia atomu imekaa wapi wala ina chaji gani.

Resonansi itakuambia. (Ni ndugu wa ile ya kupiga picha za wagonjwa Muhimbili, ila hapa zinazoulizwa ni elektroni, si viini vya hidrojeni.) Chukua manganizi, metali nyingine ya sumaku inayotiwa kwenye vihami hivi: ioni yake yenye chaji mbili, ikiwa mbali na wenzake, hutoa mistari sita kwenye grafu ya kipimo, kwa sababu kiini chake kina spini (usumaku wake wa asili) ya 5/2. Zikisongamana, mistari huyeyukia katika mmoja. Mstari ukiegemea upande mmoja, fuwele bado inapitisha umeme ndani, haidhuru tumeiita kihami.

Na mahali ilipo atomu si jambo dogo. Mwaka 2020, katika MnBi2Te4, ambamo manganizi ina tabaka lake badala ya kumwagwa ovyo, ajabu ileile ilionekana kwenye kelvini 1.4.

Uso utabaki kazi ya vifaa vingine, sikatai. Ila jokofu la kelvini 0.03 ni la wenye fedha. Mistari ya manganizi huonekana hata kwa nitrojeni ya kimiminika, na kwa mwanafunzi wa Dar anayetafuta mada ya uzamili huo ni mlango ulio wazi zaidi, hata kabla heliamu ya Rukwa, ya kupoozea zaidi, haijamfikia.